Siku 160 za Nyumbani: mwongozo kwa anayemuuguza mwenzi wake baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana

Mke wangu alitibiwa bawasiri kwa miezi saba. Alikuwa akitoa damu chooni, na zahanati ya mtaani ikampa dawa ya kupaka, ikaongeza ya minyoo, halafu ya amiba. Siku tumbo lilipovimba na kukaza kama ngoma, hata upepo hautoki, tulimkimbiza hospitali kubwa kwa bajaji saa sita usiku. Alfajiri akapasuliwa. Uvimbe ulikuwa umeziba utumbo mpana upande wa kushoto. Akatoka na mshono mrefu katikati ya tumbo na mfuko wa choo ubavuni.

Baada ya hapo akapangiwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: dripu moja ya oksaliplatini kila baada ya siku 21, pamoja na vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha siku 7 za kupumzika. Mizunguko 8. Piga hesabu: mizunguko 8 ya siku 21 ni siku 168. Siku za dripu ni 8. Hizo 160 nyingine, ukitoa asubuhi chache za kupima damu, nesi wake nilikuwa mimi, fundi alumini ambaye sijawahi kufunga hata kidonda cha mtoto.

Haya ninayoandika ni ya hizo siku 160. Dawa za mgonjwa wako zinaweza kuwa tofauti na zetu. Wengine huwekewa dripu kila baada ya siku 14, mara 12, na wengine hupewa miezi mitatu tu. Daktari wake akisema tofauti na mimi, fuata yake.

Hatua ya 1: Fukuzia majibu ya patholojia

Anza na hili mgonjwa akiwa bado wodini. Kipande kilichokatwa hupelekwa maabara ya patholojia kikaguliwe kwa hadubini, na mara nyingi huku kwetu ndugu ndiye anayekabidhiwa kopo lenye fomalini, dawa ya kuhifadhi kipande, alipeleke mwenyewe. Kama ni wewe, hakikisha kopo lina jina, namba ya faili na sehemu ya mwili kilikotoka kipande. Andika jina la aliyelipokea na tarehe aliyokuambia urudi. Tarehe hiyo rudi. Usikae kungoja simu.

Haraka yenyewe ina sababu. Kemo ya baada ya upasuaji inatakiwa ianze ndani ya wiki 8 hivi tangu siku ya kupasuliwa, kidonda kikiwa kimefunga, na kadiri inavyochelewa ndivyo faida yake inavyopungua. Sasa ukiacha majibu yalale maabara wiki tano, halafu usubiri kliniki wiki mbili, halafu kibali cha bima wiki moja, wiki 8 zimekwisha na hakuna hata mmoja aliyefanya uzembe wa kuonekana kwa macho. Mimi nilikwenda maabara mara nne. Mara ya tatu karani aliniona tu mlangoni akaanza kupekua.

Majibu yakitoka, omba nakala yako, kisha muulize daktari mambo haya na uandike anavyojibu: ugonjwa uko hatua ya ngapi, tezi za limfu ngapi zilipimwa na ngapi zimekutwa na saratani (wataalamu hutaka zipimwe zisizopungua 12), kama kingo za kipande zilikuwa safi, yaani hazina saratani, na kama kile kipimo kinachoitwa MMR kimefanyika, kwa sababu kinasaidia kujua kama ugonjwa unaweza kuwa wa kurithi. Hatua ya tatu maana yake ni kwamba saratani imeingia kwenye tezi za jirani lakini haijafika ini wala mapafu, na hapo ndipo kemo ina faida iliyo wazi zaidi. Hatua ya pili, wengine huhitaji na wengine hawahitaji, ila aliyefikishwa hospitali utumbo ukiwa umeziba au umetoboka huhesabiwa kuwa na hatari kubwa zaidi. Muulize hilo waziwazi.

Hatua ya 2: Wiki sita za mshono

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Mtu aliyepasuliwa tumbo hatakiwi kuinua mzigo kama huo kwa wiki sita hadi nane, la sivyo misuli inaachia ndani na anapata ngiri ya mshono. Mke wangu alikubali mbele ya daktari, tena kwa heshima. Nikirudi kutoka karakana nakuta nguo zimefuliwa na zimeanikwa.

Kugombana hakukusaidia. Kilichosaidia ni kupanga nyumba upya: maji nikayahamishia kwenye majagi ya lita tatu, jiko la gesi nikalipandisha juu ya meza asiiname, ndoo kubwa nikazipeleka kwa jirani. Ukimkataza mtu kazi ilhali vyombo vya kazi viko mbele yake, umemkataza kwa mdomo tu.

Ila asilale kutwa. Kutembea kunafungua utumbo na kunazuia damu kuganda miguuni, hatari ambayo ni kubwa zaidi kwa mwenye saratani aliyepasuliwa. Sisi tulianza na mlangoni, tukaenda hadi geti, wiki ya tatu tukafika duka la Mangi na kurudi. Akikohoa au kucheka, ashike mto mdogo juu ya mshono.

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo ukiona usaha, wekundu unaotambaa kuzunguka mshono, mshono unaachia, tumbo limevimba na anatapika, mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi inambana ghafla. Hili la mwisho usisubiri hata kuoga.

Hatua ya 3: Jifunze mfuko kabla hujahitaji kuujua

Wiki ya kwanza mama mkwe ndiye aliyebadilisha mfuko. Mimi nilikuwa natoka nje najifanya napokea simu. Siku alipopata msiba kijijini akaondoka na basi la alfajiri, mfuko ukaachia saa tatu asubuhi, na ndani tulikuwa wawili. Mke wangu alilia, si kwa maumivu. Nakushauri usingoje siku kama hiyo. Kabla hajaruhusiwa, mwambie nesi akufundishe wewe, ubadilishe mwenyewe yeye akitazama.

Kile kinyama chekundu kinachochungulia tumboni ni utumbo wenyewe. Unatakiwa uwe mwekundu au wa waridi na wenye unyevu, kama ndani ya mdomo. Hauna hisia ya maumivu ukiguswa, na kutoa tone la damu ukipanguswa si ajabu. Ukigeuka zambarau iliyokolea au mweusi, nenda hospitali mara moja, damu haifiki pale.

Kubadilisha kunakwenda hivi. Andaa kila kitu kwanza: mfuko mpya, mkasi, maji ya uvuguvugu, vitambaa laini, mfuko wa taka. Vua ule wa zamani polepole kutoka juu kwenda chini huku unabonyeza ngozi kwa mkono mwingine. Usiuchane kama plasta. Safisha kwa maji matupu. Sabuni yenye manukato na mafuta ya kupaka huzuia gundi kushika, na mafuta ya nazi yana tabia hiyohiyo hata kama bibi ameyatakia baraka. Kausha kwa kugusagusa. Pima kinyama, kata tundu la mfuko liwe kubwa kuliko kinyama kwa milimita 2 au 3 tu, bandika, kisha weka kiganja juu yake dakika chache, joto la mkono linasaidia gundi kukamata.

Hiyo milimita 2 au 3 ndiyo siri ya kazi nzima. Tundu likiwa pana, kinyesi kinagusa ngozi, ngozi inababuka, gundi haishiki kwenye ngozi mbichi, mfuko unavuja, ngozi inababuka zaidi. Na kinyama husinyaa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa hiyo pima upya kila wiki. Sisi tulikuwa tunakata kwa kipimo cha siku ya kwanza, tukamaliza mifuko mingi bure tukidhani ni feki.

Mfuko ukijaa theluthi, mwaga, usingoje ujae. Mfuko mzima hukaa siku tatu au nne. Fungu la akiba liwe kwenye mkoba wake kila anapotoka, na wewe uwe na jingine. Mifuko ni ghali na madukani hupotea ghafla, kwa hiyo nunua ukiwa bado na ya wiki mbili.

Mfuko wa utumbo mwembamba, ambao kwa kawaida huwekwa upande wa kulia, ni mkali zaidi: hutoa majimaji, na mgonjwa hukauka haraka. Ukimwaga zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, mkojo umekuwa kama chai ya rangi na mtu anaona kizunguzungu, mpe maji ya ORS na umpeleke hospitali.

Hatua ya 4: Daftari moja

Nunua daftari gumu la kurasa 200. Ukurasa kwa siku: joto la mwili asubuhi na jioni, vidonge vimemezwa saa ngapi, mfuko umemwagwa mara ngapi, amekula nini, ganzi iko wapi, uzito kila Jumapili. Kurasa za nyuma ni za maswali ya daktari na namba za simu za wodi, kliniki na dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa usiku.

Nilidhani ni kujisumbua. Mzunguko wa tatu daktari aliuliza, "Mama, ganzi ya vidole huwa inaisha baada ya siku ngapi?" Mke wangu akajibu, "Inaisha tu, daktari." Nikafungua daftari: mzunguko wa kwanza siku 4, wa pili siku 9, wa tatu siku 16. Dozi ikapunguzwa palepale. Mgonjwa anataka kumaliza dawa, atasema yuko salama. Daftari halina haya.

Hatua ya 5: Siku ya dripu

Damu hupimwa siku moja au mbili kabla, kuona chembe nyeupe (za kupigana na vijidudu), chembe sahani (za kugandisha damu), figo na ini. Chembe zikiwa chini, dripu inasogezwa wiki moja. Hilo si kushindwa kwa tiba, na usimwache mgonjwa alichukue hivyo.

Siku yenyewe ale kwanza. Beba sweta, soksi, chupa ya chai, na dawa za kuzuia kutapika kama alipewa. Dripu ya oksaliplatini huchukua kama saa mbili, lakini foleni, faili na duka la dawa ndiyo siku nzima. Mkono wenye dripu ukianza kuuma sana, kuvimba au kuwaka moto, mwite nesi hapohapo.

Kwa siku mbili baada ya dripu, dawa inatoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Vaa glavu unapomwaga mfuko, vuta maji mara mbili au funika vizuri kama ni choo cha shimo, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito asishike vitu hivyo wala vidonge vyenyewe.

Hatua ya 6: Baridi, hata kama ni Dar

Hili lilinichekesha nilipoambiwa. Baridi gani, Mbagala, mwezi wa pili? Jioni ya dripu ya kwanza mke wangu akafungua friji, akashika chupa, akaiachia kama ameshika nyaya za umeme. Akanywa maji ya baridi aliyoletewa na mtoto, koo likamkaba, akaamini anakufa.

Oksaliplatini huamsha mishipa ya fahamu kiasi kwamba baridi kidogo inauma. Kwa siku kadhaa baada ya kila dripu: hakuna maji ya friji, soda ya baridi wala barafu, asitoe samaki kwenye friza, asioshe vyombo kwa maji ya bomba la alfajiri, feni isimpige usoni, kwenye basi lenye kiyoyozi ajifunike mdomo kwa mtandio. Hata komeo la chuma la geti asubuhi linamchoma. Ninyi mnaoishi Njombe, Lushoto au Limuru mwezi wa saba, glavu za sufu ni sehemu ya dozi. Koo likikaba, mtulize, mpe maji ya vuguvugu kidogokidogo, avute hewa ya joto ndani ya kitambaa. Mara nyingi hupita ndani ya dakika chache. Ikiwa haipiti, au anakoroma, au midomo inavimba, hiyo si baridi tena, ni mzio, kimbia hospitali.

Ganzi inayopita ndani ya siku chache ni ya kawaida. Ile isiyoisha hadi dripu inayofuata, au inayomfanya ashindwe kufunga vifungo na kushika sindano, mwambie daktari kabla hajafungua dripu nyingine. Inaweza kubaki miaka.

Hatua ya 7: Homa si malaria mpaka ithibitike

Kama utasoma hatua moja tu, iwe hii.

Kwetu mtu akipata joto tunajua la kufanya: panadol mbili, na kama haijashuka kesho, duka la dawa, dawa ya mseto, mambo yameisha. Kwa mtu aliye kwenye kemo mazoea hayo yanaua. Takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu chembe nyeupe huwa chini kabisa, na mdudu mdogo ambaye wewe ungemshinda bila kujua anaingia kwenye damu yake na kumwangusha kwa saa chache. Pengine dalili pekee ni hiyo homa.

Kwa hiyo nunua kipimajoto cha kidijitali, si cha kukisia kwa kiganja. Kikionyesha 38 au zaidi, au anatetemeka hata kama kipimo hakijafika hapo, anakwenda hospitali yenye maabara wakati huohuo, usiku ukiwa usiku. Usimpe panadol kwanza, inashusha kipimo na kuficha moto ulio ndani. Ukifika mapokezi usiseme "ana homa". Sema "yuko kwenye kemo na ana homa," na onyesha kadi yake. Wampime malaria, ndiyo, lakini wapime na wingi wa chembe nyeupe, na dawa ya kuua vijidudu ya sindano isingoje majibu yote. Hata malaria ikikutwa, haimaanishi hakuna kingine.

Usiku wa mzunguko wa nne ilikuwa 38.4. Dada yangu, wifi yake, alikuwa ameshafungua panadol na glasi ya maji iko mkononi. Nilimpokonya, na mpaka leo anasimulia ukoo kwamba nilimfokea. Chembe nyeupe zilikutwa chini mno, akalazwa siku tano.

Hatua ya 8: Vidonge

Kapesitabini humezwa ndani ya dakika 30 baada ya kula, kwa maji, asubuhi na jioni zikipishana kama saa 12. Sisi tulitumia saa moja asubuhi na saa moja jioni. Visipondwe wala kukatwa. Akisahau, aruke, asimeze mara mbili.

Angalia viganja na nyayo kila jioni. Wekundu na kuwaka kidogo, paka mafuta mazito mara nyingi, avae viatu vipana, aache maji ya moto na sabuni ya unga. Ngozi ikianza kuchanika au akashindwa kutembea vizuri, asimamishe vidonge na ampigie daktari. Vivyo hivyo akiharisha mara nne au zaidi kupita kawaida yake kwa siku, au mfuko ukajaa usiku kucha, au vidonda vya mdomo vikamzuia kula. Kifua kikiuma, asimamishe na aende hospitali muda huohuo. Kusimamisha siku mbili kwa ushauri wa daktari hakuharibu tiba. Kung'ang'ania ndiko kunakoharibu.

Sasa jambo ambalo karibu litukamate. Damu yake ilikuwa chini, na shemeji mmoja mwenye upendo akaleta FEFO, zile za kina mama wajawazito, pamoja na dawa ya maji ya kuongeza damu. Ndani yake mna asidi ya foliki, na asidi ya foliki huongeza makali ya kapesitabini: kuharisha na vidonda vya mdomo vinazidi. Anayetumia dawa ya kuyeyusha damu ya wafarini au dawa ya kifafa ya fenitoini pia lazima daktari ajue. Peleka kliniki kila chupa na kila karatasi ya vidonge iliyomo ndani ya nyumba, hata ya shemeji.

Hatua ya 9: Chakula, mastafeli na wageni

Wiki chache za mwanzo baada ya upasuaji ni chakula laini: uji, wali uliolainika, ndizi, viazi, samaki, mayai yaliyoiva. Kisha unarudisha kimoja kimoja, unaandika. Maharage, kabichi na soda hujaza mfuko hewa. Mwenye mfuko wa utumbo mwembamba ajihadhari na mahindi ya kuchemsha, karanga, vipande vya nazi na nyuzi za embe, vinaweza kuziba. Maziwa yachemshwe, kachumbari ya barabarani isubiri.

Usikubali anyimwe nyama, wala wanga kwa hoja kwamba sukari inalisha saratani. Mgonjwa anayepungua kilo ndiye anayekatiziwa kemo. Mke wangu hakuweza sahani kubwa; alikula mara sita kwa siku, kikombe kikombe.

Mastafeli yatakuja. Kuna atakayeleta majani yake, mwingine mlonge, mwingine unga uliofungwa kwenye gazeti usio na jina. Tunda la stafeli likiwa chakula si tatizo. Majani ya kuchemsha kila siku ni jambo jingine: hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba yanaponya saratani ya utumbo, na mmea huo una kemikali inayotiliwa shaka kuharibu mishipa ya fahamu, mishipa ileile ambayo oksaliplatini tayari inaionea. Mimi nilipokea kila kitu kwa mikono miwili, nikashukuru, nikakiweka juu ya kabati. Hakuna aliyeudhika, kabati lilijaa.

Wageni wapangie siku. Siku ya 7 hadi ya 14 salamu zipokelewe barazani, mwenye mafua arudi siku nyingine. Wewe ndiye mlango. Mgonjwa asilazimike kumwambia shangazi yake aondoke.

Hatua ya 10: Fedha

Kabla ya mzunguko wa kwanza, nenda ofisi ya bima ujue kwa maandishi dawa ipi inalipiwa, kibali kinachukua siku ngapi na kinadumu mizunguko mingapi. Omba kibali kijacho siku unayotoka kwenye dripu, si siku moja kabla ya inayofuata. Asiye na bima amuone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijawa kubwa. Huko ndiko msamaha unakoombwa, na barua ya serikali ya mtaa husaidia. Anayetoka mkoani aulize pia hospitali ya Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi, kama mizunguko inaweza kuendelea karibu na nyumbani, badala ya kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, kila mara na kulala kwa ndugu.

Kundi la michango liwe na mweka hazina asiye wewe. Ukishika fedha mwenyewe, kila soda utakayokunywa itahesabiwa.

Hatua ya 11: Chumbani

Hakuna aliyetuambia chochote kuhusu hili, na sisi tuliona aibu kuuliza. Kidonda kikipona na yeye akiwa na hamu, tendo la ndoa halikatazwi, wala mfuko hauzuii: mwage kwanza, ufunike kwa kanga. Tumieni kondomu wakati wote wa dawa, na asipate mimba wakati wa tiba wala miezi kadhaa baadaye; muulize daktari idadi ya miezi, hata mgonjwa akiwa mume. Hamu isipokuwepo, usiigeuze kesi. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba kilichomuumiza si mfuko, ni kwamba nilihamia kitanda cha watoto "ili apumzike" bila kumuuliza. Nilirudi mzunguko wa tano.

Na wewe ulale. Tafuta mtu wa usiku mmoja kwa wiki. Nililala juu ya mashine ya kukatia alumini nikiwa nimesimama, kidole kimoja kina kovu.

Hatua ya 12: Baada ya dripu ya mwisho

Ganzi inaweza kuongezeka miezi michache baada ya dawa kwisha. Tuliogopa, kumbe ni tabia ya dawa hiyo. Mfuko kama ulikuwa wa muda, kurudishiwa utumbo hujadiliwa baada ya kemo, mwili ukiwa umepata nguvu.

Kliniki huendelea miaka mitano: kipimo cha damu cha CEA, kinachosaidia kuona kama saratani inarudi, kila miezi mitatu hadi sita mwanzoni, picha ya CT kwa ratiba ya daktari, na kolonoskopi, yaani kamera ya kuangalia utumbo mpana, baada ya mwaka mmoja. Ila aliyepasuliwa kwa dharura bila utumbo wote kuangaliwa na kamera anatakiwa aangaliwe mapema, miezi mitatu hadi sita baada ya upasuaji. Watu wengi hawakumbushwi. Kuharisha na kufunga choo kwa zamu, damu, kupungua uzito, vyote viandikwe.

Halafu ndugu zake wa damu. Ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wanatakiwa kupimwa kwa kamera wakifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia mgonjwa, yoyote inayotangulia. Mke wangu aligundulika akiwa na 44, kwa hiyo watoto wetu ni 34, na daftari lina tarehe hizo ukurasa wa mwisho. Shemeji yangu mkubwa ana 51. Ameahirisha mara tatu. Anasema choo chake kiko sawa. Jumatatu saa moja asubuhi nampitia na bajaji, dawa ya kusafisha utumbo nimeshampelekea.